Tone la Ishirini na Moja

Abasia ilikuwa hohehahe. Mnara ulikuwa ukibomoka, kengele haikuwepo, na watawa waliitwa kwenye sala ya alfajiri kwa kugonganishwa vibao vya mti wa mlozi. Ndipo Bruda Gaucher, mchungaji wa ng'ombe wawili waliokonda, mtu wa kuchekwa na wenzake, akasema anakumbuka jinsi shangazi Bégon, bibi aliyemlea, alivyotengeneza kileo kitamu ajabu kwa mitishamba ya milima ya Alpilles.

Kisa hiki cha Alphonse Daudet kimo katika Lettres de mon moulin, kitabu cha 1869 kuhusu Provence, kusini mwa Ufaransa. Mwaka 1954 Marcel Pagnol alikitengenezea filamu pamoja na visa vingine viwili vya kitabu hicho, Rellys akiigiza Gaucher. Pagnol alikuwa mwana wa Provence hasa, mzaliwa wa Aubagne. Kwake watu wale hawakuwa vichekesho vya mbali, bali majirani.

Daudet anasema wenyeji wanawaita watawa hao Mapadri Weupe. Msomaji wa kwetu asidhani ni wale wamisionari wa Lavigerie waliofika Uganda mwaka 1879. Hawa ni Wapremonstratensi, shirika la tangu karne ya 12, ambao nao huvaa kanzu nyeupe. Abasia yao ya Frigolet, karibu na Tarascon, ipo kweli. Mwaka 1880 serikali ilipowafukuza watawa, wanajeshi waliizingira. Hata leo kuna kileo kinachouzwa kwa jina la Padri Gaucher.

Turudi kwenye kisa. Kileo kikapendwa, fedha zikamiminika, mnara ukakarabatiwa. Gaucher aliyedharauliwa akawa Padri Mheshimiwa. Tatizo ni kwamba mpishi hana budi kuonja. Usiku mmoja aliingia kanisani amelewa, akaanza kuimba nyimbo za mtaani katikati ya sala. Baada ya aibu hiyo, kila jioni, peke yake kwenye chumba cha mtambo, alihesabu matone 20 na kuyameza karibu bila raha. Lakini tone la 21! Usiku mmoja aliingia kanisani amelewa, akaanza kuimba nyimbo za mtaani katikati ya sala.

Hapa ndipo ninapokipenda kisa hiki kuliko vichekesho vingi. Gaucher anaomba arudishiwe ng'ombe wake, maana anaona roho yake inapotea. Mtunza hazina anapaza sauti: haiwezekani, wateja wanasubiri! Mkuu wa nyumba anapata suluhisho la upole na la kutisha: kila jioni, Gaucher anapokunywa, watawa wote watamwombea, dhambi isamehewe papo hapo inapotendwa.

Basi jioni zikaendelea hivyo. Kanisani, watawa wamepiga magoti gizani, wanamwombea maskini mwenzao anayeitoa roho yake kwa ajili ya jumuiya. Na kule mwisho wa abasia, nyuma ya madirisha yenye mwanga, Gaucher anaimba kwa sauti kubwa.