Riba moja, mvua mbili: tabianchi na sarafu ya pamoja

Nchelenge, kwenye ufuo wa Ziwa Mweru, imo katika ukanda wa Zambia unaopata mvua nyingi, zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Ukame ambao Rais Hakainde Hichilema aliutangaza kuwa janga la kitaifa tarehe 29 Februari 2024 ulizikumba wilaya 84 kati ya 116, lakini haukuugusa Mkoa wa Luapula. Hata hivyo, gharama yake ilifika hadi ufuoni.

Ukame hufikaje kwenye riba?

Mavuno ya mahindi yaliporomoka, bei ya unga ikapanda. Maji ya bwawa la Kariba yalipungua, na kwa kuwa umeme mwingi wa nchi hutokana na maji, mgao ukawa mkali. Kuagiza chakula na umeme kutoka nje kuliongeza mahitaji ya dola, kwacha ikazidi kuelemewa.

Benki ya Zambia, ambayo lengo lake ni mfumuko wa bei wa asilimia 6 hadi 8, ilipandisha riba elekezi kutoka asilimia 11 mwishoni mwa 2023 hadi 14.5 Februari 2025. Lakini riba haileti mvua. Ikipanda, mkulima aliyepoteza mazao hukopa mbegu kwa gharama kubwa. Isipopanda, bei hutanuka na kwacha hudhoofika.

Kwa nini Nchelenge nayo ilipe?

Kwa sababu sarafu moja ina riba elekezi moja. Mchuuzi wa chisense, dagaa wa ziwa hili, hukopa katika soko lilelile la fedha na mkulima wa Mkoa wa Kusini. Faida ipo pia: mahindi ya kaskazini huuzwa kusini bila kubadilisha fedha, na hazina ya taifa huweza kuwasaidia walioathirika.

Na ng'ambo ya ziwa?

Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Itifaki ya umoja wa fedha wa jumuiya hiyo ilitiwa saini Kampala tarehe 30 Novemba 2013. Lengo la kuwa na sarafu moja mwaka 2024 limesogezwa hadi 2031. Kongo ikiingia katika umoja huo, Pweto itatumia fedha moja na Mombasa, huku Nchelenge ikibaki na kwacha.

Hapo ndipo funzo la Zambia linapohusika: ukame wa nchi moja na mafuriko ya nyingine havitibiwi kwa riba moja. Nchi zinazoshiriki sarafu huhitaji pia hazina ya pamoja ya kusaidiana.