Hamamu ya Kidichi: Historia Fupi

Hamamu, yaani nyumba ya kuogea kwa maji ya moto na mvuke, iliyojengwa Kidichi, Unguja, mwaka 1850, ni miongoni mwa majengo machache nchini Tanzania yanayohifadhi ufundi wa mapambo ya Kiajemi. Aliyeijenga ni Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar, naye aliijenga kwa ajili ya mkewe, Binti Irich Mirza wa ukoo wa Kajari uliotawala Uajemi, aliyejulikana zaidi kama Shehzade, jina la heshima lenye maana ya mtoto wa mfalme.

Kwa nje jengo halina makuu: kuta nyeupe nene na makuba ya chini tu. Ndani, chini ya kuba, chokaa imechorwa nakshi za maua, mitende na ndege, jambo la kushangaza kidogo, kwa kuwa Seyyid Said alikuwa Muibadhi, na misikiti ya kale ya madhehebu hayo Unguja hujulikana kwa kukosa urembo.

Maisha ya kasri ya Seyyid Said yalikuwa Mtoni, pwani, alikozaliwa Salme binti Said mwaka 1844, ambaye baadaye aliandika kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Humo anasimulia ua mkubwa walimozurura tausi, swala na mbuni, na baraza ya mbao iliyoelekea baharini, ambapo babake alitembea huku na huko akichechemea kwa risasi iliyokaa pajani tangu vitani. Shehzade, asema, alivaa lulu na dhahabu, akapanda farasi na kuwinda na Waajemi wake, mpaka alipopewa talaka akarudi kwao.

Fahari hiyo ililipiwa hasa na karafuu, zilizolimwa na watumwa, na pembe za ndovu, zilizopimwa kwa frasila, kipimo cha takriban kilo 16, na kubebwa mabegani mwa wapagazi kutoka bara. Njia ya misafara ilipita Tabora, na tawi lake moja lilikata Ukonongo, nchi ambayo leo imo Mkoa wa Katavi, hivyo historia ya hamamu hii inauhusu mkoa huo pia.

Seyyid Said alifia baharini mwaka 1856. Kasri ya Mtoni imebaki gofu. Huko Kidichi makuba yangali yamesimama, na unyevu umewatia weusi ndege wa chokaa.