Upendo kama Alama ya Imani

Katika mafundisho ya Kikristo, upendo kwa wengine huhesabiwa kuwa alama ya imani ya kweli, fundisho ambalo Waraka wa Kwanza wa Yohana, unaokadiriwa kuandikwa mwishoni mwa karne ya 1, unalieleza kwa ukali usiofichwa. Waraka huo ulielekezwa kwa jumuiya iliyopasuka baada ya baadhi ya waumini kujitenga, na unamwita mwongo yeyote adaiye kumpenda Mungu huku akimchukia ndugu yake. Kipimo chake si hisia bali mali, yaani kama mwenye riziki humfungulia au humfungia moyo mhitaji. Anayekusudiwa hapo, kusema kweli, ni kwanza muumini mwenzake, mpaka ambao mfano wa Msamaria Mwema katika Injili ya Luka unauvuka. Upendo huo umewahi kujaribiwa kwa gharama ya maisha: katika Seminari Ndogo ya Buta, shule ya vijana wanaoandaliwa kwa upadre kusini mwa Burundi, wavamizi wenye silaha waliwaamuru wanafunzi tarehe 30 Aprili 1997 wajitenge kikabila, Wahutu na Watutsi; wanafunzi wakakataa, na 40 kati yao waliouawa huitwa mashahidi wa udugu.