Njia ya Mshona Matanga: Vita na Kura Philadelphia

Tanga la meli kubwa lilianzia sakafuni. Fundi mkuu alipima na kuchora umbo lake lote kwa chaki juu ya mbao, kisha vipande virefu vya turubai vikatandazwa kufuata mchoro, ukingo wa kimoja ukipanda kidogo juu ya kingine. Wafanyakazi waliketi kwenye mabenchi ya chini. Kiganjani walivaa ukanda wa ngozi wenye kichuma cha kusukumia shazia, na uzi waliupaka nta ili maji ya chumvi yasiuozeshe. Mwisho kabisa kamba nene ilishonewa kuzunguka kingo zote, maana pasipo kamba hiyo upepo ungelichana tanga siku ya kwanza.

Kazi hiyo ilifanyika kila siku kwenye karakana ya James Forten, kando ya gati za mto Delaware mjini Philadelphia. Forten alikuwa mtu mweusi aliyezaliwa huru mwaka 1766. Mwaka 1798 aliinunua karakana kutoka kwa Robert Bridges, Mzungu aliyemfundisha kazi, akaikuza mpaka akawa miongoni mwa watu weusi matajiri zaidi nchini Marekani. Leo ukienda pale hukuti hata ubao mmoja. Barabara kuu ya I-95 imekata kati ya mji na mto, na mahali paliponukia nta na lami pananguruma malori.

Nilitaka kuanzia hapo kwa sababu ya kisa kimoja. Mwaka 1822 tajiri mmoja wa mji huo, Samuel Breck, alichaguliwa kuingia Bunge la Marekani. Baadaye alikutana na Forten, naye Forten akamwambia kwamba wafanyakazi wake Wazungu 15 walikwenda wote kumpigia kura. Breck akayaandika maneno hayo katika shajara yake. Waliokuwa wakila mshahara wa Forten walipiga kura. Mwenye karakana, mlipa kodi, baba wa familia aliyejulikana mji mzima, hakupiga. Si kwamba sheria ilimkataza. Mfaransa Alexis de Tocqueville alipopita Pennsylvania mwaka 1831 aliuliza mbona haoni watu weusi kwenye uchaguzi, akajibiwa kwamba sheria inawaruhusu, ila wanaogopa kudhuriwa.

Miaka saba baada ya jibu hilo, sheria nayo iligeuzwa. Safari yangu mitaani Philadelphia ilikuwa ya kufuata jinsi mambo yalivyofika hapo, kuanzia vita vilivyofungua mlango wa kura.

Kutoka mtoni, ukipanda mtaa wa Chestnut mpaka kati ya mtaa wa tano na wa sita, unafika kwenye jengo la matofali mekundu ambalo watalii wanaliita Independence Hall. Zamani lilikuwa jengo la serikali ya jimbo. Nyuma yake kuna uwanja wenye miti, na kwenye uwanja huo, tarehe 8 Julai 1776, Kanali John Nixon aliwasomea watu Azimio la Uhuru. Forten, mtoto wa miaka tisa, alikuwapo, na hata uzeeni aliikumbuka siku hiyo.

Watalii huonyeshwa Jefferson na Franklin. Wanaonivuta mimi ni watu waliosimama nje wakiwa na bunduki: mafundi viatu, wahunzi, wapagazi wa gatini. Chini ya sheria ya koloni, mpiga kura alipaswa kuwa na ekari 50 za ardhi au mali ya pauni 50, na wengi wao hawakuwa na hata nusu ya hiyo. Vita vilipozuka mwaka 1775, watu hao ndio walioitwa kujiunga na mgambo. Wakaunda chombo chao, Kamati ya Askari wa Kawaida, wakadai kuwachagua maofisa wao wenyewe, wakadai matajiri wasioshika silaha watozwe faini, na wakauliza swali ambalo wakubwa hawakuwa na jibu lake: mtu anayetakiwa kufa kwa ajili ya nchi, kwa nini hana sauti katika kuitawala?

Walishinda. Katiba ya Pennsylvania iliyopitishwa Septemba 1776, katika jengo hilohilo, Franklin akiwa mwenyekiti wa mkutano, ilimpa kura kila mwanamume huru wa miaka 21 aliyeishi jimboni mwaka mmoja na kulipa kodi. Hakuna jimbo lililokuwa limekwenda mbali kiasi hicho. John Adams aliichukia katiba hiyo, akaona imewapa watu wa chini nguvu kupita kiasi. Ilikuwa pia na dosari ya wazi: kiapo cha utii kiliwaengua wengi, hasa wafuasi wa madhehebu ya Quaker, wale wale ambao mwaka 1902 walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya. Waquaker hawaapi na hawapigani. Lakini kuhusu rangi ya ngozi, katiba ilinyamaza. Mtu huru alikuwa mtu huru.

Forten alilichukulia hilo kwa uzito wote. Akiwa na miaka 14 alipanda Royal Louis, meli ya watu binafsi iliyokuwa na kibali cha kuteka meli za Waingereza, kazi yake ikiwa kubeba baruti kutoka ghalani hadi kwenye mizinga. Mwaka 1781 meli hiyo ikatekwa. Kwa kijana mweusi hatari ilikuwa kubwa kuliko ya mabaharia wenzake, kwani mateka wa rangi yake mara nyingi waliuzwa utumwani visiwa vya Karibi. Kilichomwokoa ni gololi. Nahodha Mwingereza alikuwa na mtoto wa kiume ndani ya meli, Forten akacheza naye gololi, wakawa marafiki, na nahodha akamwahidi kumpeleka Uingereza akasome. Forten alikataa, akasema hatakuwa msaliti wa nchi yake.

Basi akapelekwa kwenye Jersey, meli gereza iliyotia nanga Brooklyn, ambamo mateka walirundikwa chini ya sitaha kwa njaa na maradhi. Maelfu walikufa kwenye meli za namna hiyo katika bandari ya New York. Forten alikaa miezi saba. Wakati mmoja alipata nafasi ya kutoroka ndani ya sanduku la nguo la ofisa aliyekuwa akibadilishwa na mateka mwingine, akamwachia nafasi hiyo kijana Mzungu mdogo kuliko yeye, Daniel Brewton. Alipoachiliwa hatimaye alirudi Philadelphia kwa miguu.

Wakati yeye yuko baharini, jimbo lake lilikuwa tayari limepitisha, mwaka 1780, sheria ya kuufuta utumwa polepole. Polepole kweli: mtoto wa mtumwa aliyezaliwa baada ya sheria hiyo alitumikishwa mpaka afikishe miaka 28. Hata hivyo idadi ya watu weusi huru mjini ilikua haraka, na moyo wa maisha yao ulikuwa kona ya mtaa wa sita na Lombard, ambako Richard Allen alifungua kanisa la Bethel mwaka 1794. Jengo la sasa ni la mwisho wa karne ya 19, lakini kiwanja ni kilekile na hakijawahi kutoka mikononi mwao.

Kutoka hapo nilikwenda kusini magharibi hadi Grays Ferry, kwenye mto Schuylkill. Agosti 1814 Waingereza waliuteketeza mji wa Washington, na Philadelphia ikashikwa na hofu kwamba zamu yake imefika. Kamati ya ulinzi ikawaomba viongozi weusi, Allen, Absalom Jones na Forten, wawatoe watu wao. Simulizi za wakati ule zinataja wanaume weusi 2,500 waliokwenda kuchimba mahandaki na kuinua ngome za udongo. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo Forten alikuwa ameandika barua za kupinga muswada uliotaka kila mtu mweusi anayeingia jimboni aandikishwe. Muswada ulishindwa, naye akashika sepetu.

Miaka miwili na ushei baadaye waungwana wa Washington walianzisha chama cha kuwahamishia watu weusi huru Afrika. Januari 1817 karibu watu 3,000 walijaa Bethel. Forten, mwenyekiti wa mkutano, mwanzoni aliuona mpango huo una faida. Alipouliza nani anaukubali, hakupata hata mmoja. Alipouliza nani anaukataa, kanisa zima lilijibu kwa kishindo.

Hapa lazima nivuke mto kidogo, maana ng'ambo ya Delaware, New Jersey, kule kuwanyang'anya watu weusi kura kulikwisha kutokea. Katiba yao ya 1776 iliwapa kura wakazi wote wenye mali ya pauni 50, na wajane na wanawake wasioolewa waliokuwa na kiasi hicho walipiga kura kwa miaka 30, pamoja na watu weusi huru. Mwaka 1807 Bunge la jimbo likawafungia wote hao nje, na kwa sheria hiyohiyo likawalegezea masharti Wazungu wanaume walipa kodi. New York ilifanya jambo linalofanana mwaka 1821, ikamwondolea Mzungu sharti la mali na kumwekea mweusi sharti la dola 250. Nimesoma vitabu vingi vinavyokiita kipindi hiki enzi ya kupanuka kwa demokrasia. Kwa mwanamume Mzungu maskini ilikuwa kweli. Lakini aliyekaribishwa na aliyetolewa walipishana kwenye mlango mmoja, na mimi siamini ilikuwa bahati mbaya.

Ukumbi ambamo Pennsylvania ilifuata mkondo huo bado upo, mtaa wa Locust karibu na wa nane. Unaitwa Musical Fund Hall. Ulikuwa ukumbi wa muziki, na sasa ni makazi ya watu. Wajumbe wa mkutano wa kurekebisha katiba walihamia humo majira ya baridi ya mwaka 1837 kutoka Harrisburg. Hewa ilikuwa imekwisha kuchafuliwa. Mwaka huohuo katika wilaya ya Bucks, Wademokrati waliposhindwa kwa kura chache walidai wameangushwa na wapiga kura weusi, na mwezi Desemba jaji wa huko akaamua kwamba mtu mweusi hana haki ya kura. Jaji Mkuu wa jimbo, John Bannister Gibson, naye aliamua vivyo hivyo katika kesi ya William Fogg, mlipa kodi wa Luzerne aliyezuiwa kupiga kura mwaka 1835. Uamuzi wa Gibson ulikuwa kwamba mweusi, hata awe hana bwana, si mtu huru kwa maana ya katiba.

Tarehe 20 Januari 1838 wajumbe walipiga kura ya kuongeza neno "Mzungu" kwenye kifungu cha uchaguzi. 77 walikubali, 45 walikataa. Katika katiba hiyohiyo muda wa kukaa jimboni kabla ya kuruhusiwa kupiga kura ulipunguzwa kutoka miaka miwili, sharti lililowekwa baada ya ile katiba ya 1776, hadi mmoja, nafuu kwa Wazungu wageni. Thaddeus Stevens, aliyekuwa mjumbe, alikataa kutia saini.

Aliyejibu kwa niaba ya walionyang'anywa ni mkwe wa Forten, Robert Purvis, kijana wa miaka 27. Waraka wake, uliotolewa kwa jina la raia 40,000, uliweka mezani kodi zilizolipwa, nyumba zilizojengwa, makanisa, vyama vya kusaidiana, na damu iliyomwagika vitani. Ni maandishi ya mtu anayejua hesabu zake. Kabla wananchi hawajaipigia kura katiba hiyo, mji ulitoa jibu lake kwa moto. Tarehe 14 Mei 1838 wapinga utumwa walifungua Pennsylvania Hall, jengo lao la mtaa wa sita lililogharimu kama dola 40,000. Tarehe 16 mmoja wao, Angelina Grimké, alihutubia humo huku mawe yakivunja madirisha. Tarehe 17 umati ukaliteketeza. Wazima moto walikuja, wakamwagia maji nyumba za jirani. Oktoba wapiga kura wakaipitisha katiba mpya kwa tofauti ya kura kama 1,200 kati ya zaidi ya 226,000.

Forten alikuwa na miaka 72. Nimejaribu kuwaza baharia wa Royal Louis akisomewa matokeo hayo, na hasira yangu haijapoa. Alifariki Machi 1842, maelfu ya watu, weusi kwa weupe, wakamsindikiza.

Alikuwa na mtoto wa kiume aliyempa jina la Bridges, fundi wake wa zamani. Robert Bridges Forten alichoka na Marekani akahamia Uingereza. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza kuwachukua askari weusi, akarudi. Karibu 11,000 kati yao walifunzwa kwenye kambi ya William Penn, nje kidogo ya Philadelphia, na mwanzoni walilipwa pungufu kuliko Wazungu. Robert alijiandikisha Machi 1864, akiwa na miaka zaidi ya 50, katika kikosi cha 43. Mwezi uliofuata aliugua akafa, akazikwa kwa heshima za kijeshi katika jimbo ambalo asingeruhusiwa kupiga kura.

Kura ilirudi mwaka 1870, kwa Marekebisho ya 15 ya Katiba ya Marekani. Purvis aliishi kuiona. Tarehe 10 Oktoba 1871, siku ya uchaguzi wa mji, magenge yalivamia mitaa ya watu weusi kuwazuia wasipige kura, na mwalimu Octavius Catto, mwenye miaka 32, akapigwa risasi akafa kwenye mtaa wa South. Walioshuhudia walimtaja muuaji, Frank Kelly, lakini mwaka 1877 mahakama ikamwachilia. Jioni ya siku ile ya uchaguzi kura zilihesabiwa, za weusi zikiwemo, na chama kilichotuma magenge mitaani kikapoteza umeya wa Philadelphia.