Historia Iko Chini ya Kapo



Historia ya eneo letu tumezoea kuihesabu kwa vita na kwa volkano: 1994, 1996, 2002, 2012. Muulize mzee yeyote wa Goma ama wa Gisenyi, atakutajia miaka hiyo kama mtu anayehesabu makaburi. Leo naomba nipite njia nyingine. Nataka kueleza miaka hiyo hiyo kwa upande wa gari ya zamani na watu wanaoiamsha kila asubuhi, juu ndiyo kazi niliyokulia ndani yake kule Kibumba na Goma, na ndiyo inayonilisha sasa hapa Busasamana.

Gari ninayoitunza ni ya familia iliyonipokea. Ni Toyota Carina E, usukani upande wa kushoto. Aina hii ilitengenezwa Burnaston, Uingereza, miaka ya 1990, kwa ajili ya watu wa Ulaya, halafu ikatufikia kama okazyo. Inakaribia miaka thelathini. Imebeba viazi, imebeba maharusi, imebeba maiti. Zaidi ya mara moja imeshusha mama mjamzito usiku mpaka hospitali ya Gisenyi. Ikikosa kuwaka siku moja, kilima kizima kinajua. Hakuna pesa ya kununua nyingine, na gereji iko mbali. Kwa hiyo inatengenezewa hapa hapa lupangoni, chini ya mti, mimi na kijana mmoja anayeshika taa.

Kushika taa ndiyo shule yetu. Marehemu baba alianza hivyo, akiwa tandiboyi kwenye Peugeot 404 ya mfanyabiashara wa Goma. Enzi hizo 404 na Volkswagen ndizo zilizokuwa na jina. Katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, Volkswagen ilishinda mwaka 1962, na 404 ikashinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Watu wa huku hawakuzipenda kwa sababu ya ushindi tu. Volkswagen inapozwa kwa hewa, haina radiata ya kuvuja. 404 inasimama juu, mawe hayaigusi tumbo, na ukifungua kapo unaona kila kitu: karbiratere ile pale, bujii zile pale. Mtu ambaye hakusoma sana aliweza kujifunza kwa macho.

Halafu ikaja tarehe 30 Novemba 1973. Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zitapewa Wazaire. Maduka ya Wagiriki, ya Wabelgiji na ya Wahindi yakapata wenyewe wapya, wengi wao watu wa chama na serikali. Waliuza bidhaa zilizokuwemo, na nyingi hazikuagizwa tena. Bei ya shaba ikaanguka mwaka uliofuata, pesa za kigeni zikapotea, na pyesi zikapotea nazo. Uganda walikuwa wameonja hayo mwaka mmoja kabla, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke. Tanzania nao wakakosa pesa za kigeni, hasa baada ya vita ya Kagera ya 1978 na 1979.

Angalia kilichofuata katika nchi zote hizo. Kenya wakasema jua kali. Tanzania wakasema gereji bubu, yaani gereji isiyo na kibao wala leseni. Sisi Zaire tukacheka na "Artikle 15", kifungu cha sheria cha kubuni ambacho watu wanakitaja kila siku: jipange mwenyewe. Majina matatu, jambo moja. Duka lilipofungwa, fundi alifunguka. Baba alikata gasketi kwenye karatasi ngumu ya boksi na kuipaka grisi. Alichonga bushi kwenye mpira wa tairi. Alikuwa anasema, "Pyesi haiko? Sawa, lakini kazi ya ile pyesi iko. Tafuta kitu kinaweza kufanya ile kazi." Sijasikia somo la ufundi lililo fupi kuliko hilo.

Mwaka 1994 sitauruka, ingawa ni mzito. Mwezi wa Julai mamia ya maelfu ya watu walivuka kutoka Rwanda na kuingia Goma kwa siku chache. Waliokuwa na gari na mabasi walivuka nayo. Esansi ilipokwisha, gari zikafa kando ya barabara, zikauzwa kwa bei ya chakula, zikakatwa vipande. Nyingine ziliporwa kwa watu waliouawa, na kila mtu alijua. Miaka mingi baadaye, fundi wa Goma aliyeshika alternata ya okazyo hakuweza kuwa na uhakika ilitoka wapi. Baba alikuwa na sheria: gari ambayo muuzaji hakuweza kumtaja mwenyewe, hakununua hata skrubu yake. Wenzake walimcheka, juu alikosa faida. Mimi nayaandika hapa ili vijana wajue kwamba hata pyesi ina historia, na kwamba fundi ana haki ya kukataa.

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka, moto ukapita katikati ya mji wa Goma mpaka ziwani. Gari nyingi ziliungua. Siku chache baadaye kituo kimoja cha mafuta kililipuka wakati watu wanachota esansi, na makumi wakafa. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu hakuna aliyesafisha pyesi kwa esansi karibu na jiko ama sigara. Hilo nawaachia na ninyi.

Baadaye Toyota za Japani zikajaa Goma, zikipita Dubai na Mombasa, usukani kulia. Rwanda kwa upande wake imezuia kuingiza gari ndogo za usukani wa kulia tangu 2005. Ndiyo maana mpaka wetu una gari za aina mbili, zinazofanana kwa sura na kutofautiana mahali fundi anapopaona. Injini ya Carina yetu, 4A-FE, iko pia kwenye Carina na Corolla nyingi za Japani. Pampu ya maji ya upande ule inaingia hapa bila shida. Lakini kremaye ya usukani haiingii, na taa za mbele zinamulika macho ya anayekuja. Ukinunua bila kujua, umetupa pesa ya mwezi mzima.

Sasa niseme ya hapa Busasamana, maana gari inazeeka kufuatana na mahali ilipo. Hapa tuko juu, na kadiri unavyopanda maji yanachemka mapema. Kwenye mita 2,000 yanachemka karibu nyuzi 93, si 100. Kizibo cha radiata kinachofunga vizuri kinabana maji ili yasichemke haraka. Watu wananunua radiata nzima wakati kizibo ndicho kilicholegea. Tena moshi wa Nyiragongo una asidi, na mvua inaiteremsha. Inakula mabati ya nyumba, inakula pia sakafu ya gari na mabomba ya freni. Kila baada ya mvua kubwa ninaosha chini ya gari kwa maji safi na kupaka mafuta machafu ya injini kwenye chuma kilicho wazi, isipokuwa karibu na freni na mpira. Vumbi la mawe ya volkano linasaga injini kama msasa, kwa hiyo filta ya hewa ninaikung'uta kila wiki. Mafuta ya injini nabadilisha kila kilomita 5,000. Kuruwa ya taiming nabadilisha kabla ya kilomita 100,000. Kwenye injini hii ikikatika gari inazima tu, valvu hazigongwi na pistoni, lakini kuzima usiku kwenye mteremko wa Gisenyi si jambo dogo. Kwa Toyota hii, ukiwa na funguo namba 10, 12, 14 na 17, kriki moja na mawe mawili ya kuzuia magurudumu, kazi nyingi unazimaliza lupangoni.

Ila tusijidanganye. Tunajisifu sana kwamba sisi watu wa Kivu tunatengeneza kila kitu kwa waya na mpira. Ni kweli, na hiyo hiyo imeua watu. Nimeona basi limefungwa bomba la freni kwa kipande cha mpira, na nimeona waliolipanda wakizikwa. Kutengeneza na kupachika si kitu kimoja. Gasketi ya boksi ikishindwa, mafuta yanamwagika. Freni ikishindwa, mtoto wa mtu anamwagika. Kwa hiyo freni, usukani na tairi havipachikwi. Hapa Rwanda gari inapelekwa kontrole teknike, na wengi wetu tunailalamikia kwa sababu ya pesa. Mimi nasema ni kitu ambacho baba yangu angekipenda. Inamlazimisha mwenye gari kulipa kazi ambayo fundi aliiomba siku nyingi.

Neno la mwisho ni kwenu ndugu zetu wa mashirika, na kwenu mnaokaa kambini Nkamira, Kiziba, Mahama na kwingine. Nilipovuka mwaka 2022 niliandikishwa jina, umri, watu wa nyumbani, magonjwa. Sanduku langu la funguo lilibaki Kibumba. Hakuna aliyeniuliza mikono yangu inajua nini, na mimi nilikuwa nimechoka, sikusema. Katika foleni ile ile walikuwepo fundi wa kuchomelea, fundi wa kurekebisha pampu za mazutu, na mama mmoja aliyefunga waya za umeme za mabasi kwa miaka kumi na mbili. Wote waliandikwa "hana kazi" ama "mkulima".

Ninaomba vitu viwili, na si vikubwa. Kwanza, kwenye karatasi ya kuandikisha watu pawe na mstari mmoja: unajua kutengeneza nini? Pili, sanduku moja la funguo kwa kila kambi, la kuazima na kurudisha, na wazee wanaojua wawaite vijana kuja kushika taa, kila Jumamosi isipokuwa ile ya umuganda. Gari za kufanyia kazi hazitakosekana. Kinachokwisha ni wazee. Mwaka huu peke yake nimewazika wawili waliojua karbiratere kuliko mtu yeyote, na hakuna aliyekuwa amewashikia taa.