Friesian: Farasi Mweusi wa Kuvuta Gari Anayebamba Kwa Skrini, Lakini Je, Kumpanda Ni Rahisi?

Ka umewahi kucheki vidio ya farasi mweusi tii, singa zimejikunja hadi kifuani ka za msee ametoka kusukwa, anainua magoti juu ka anacheza densi, kuna uwezekano mkubwa huyo alikuwa Friesian. Filamu zinampenda sana. Alionekana kwa Ladyhawke ya 1985, na farasi wa Zorro kwa The Mask of Zorro ya 1998 alichezwa na Friesian. Tangu hapo kila msee akiota farasi, anaota huyu.

Sasa shida iko hapa. Watu wengi wanamnunua juu ya sura, wanarusha tandiko mgongoni, halafu wanashangaa mbona safari inawarusha ka wako ndani ya mathree imekosa shoki. Friesian alizalishwa kwa miaka mingi avute gari. Kupandwa anapandwa, na anaweza kupandwa poa sana, lakini mwili wake una story yake. Tuichambue polepole.

Friesian kwa ufupi

- Kwao ni Friesland, mkoa wa kaskazini mwa Uholanzi.
- Rangi ni nyeusi. Alama nyeupe haitakikani, labda kanyota kadogo kwa paji la uso.
- Urefu: wengi huwa karibu sentimita 160, ukipima kutoka chini hadi mabegani.
- Uzito: nusu tani na zaidi.
- Kitambulisho: singa na mkia mrefu, na manyoya yaliyofunika kwato.
- Kazi ya asili: kuvuta gari la farasi na kazi nyepesi za shamba.

Ametoka wapi?

Wakulima wa Friesland walikuwa na farasi wao kitambo sana. Wakati Uholanzi ilikuwa chini ya Uhispania, damu ya farasi wa Kihispania iliingia, na wajuzi wengi wanasema ndiyo ilileta ile shingo ya kusimama na ule mwendo wa kuinua miguu. Siku ya kazi alikuwa shambani, Jumapili anafungwa kwa gari la magurudumu mawili makubwa linaloitwa sjees, familia inaenda kanisani imeng'ara. Pia walishindanishwa mbio fupi za telki, ule mwendo wa katikati ambao si kutembea na si kukimbia shoti.

Kitabu rasmi cha kusajili ukoo wao kilifunguliwa 1879, kwa sababu walikuwa wameanza kupotea. Wakulima walitaka farasi mzito zaidi wa jembe, na huyu mrembo wa kuringa akaonekana hasara. Kufikia 1913, madume ya kuzalisha yaliyosajiliwa yalikuwa yamebaki matatu peke yake. Matatu, msee! Wapenzi wa hawa farasi wakaungana wakawaokoa. Baadaye trekta zikaingia mashambani na namba ikashuka tena, hadi watu walipoanza kuwafuga kwa raha, maonyesho na michezo.

Weka hiyo namba ya 1913 kichwani. Tutairudia tukifika kwa afya.

Tabia: mpole, lakini si sofa

Hapa ndipo Friesian anachukua pointi nyingi. Ni farasi anayependa watu. Ukiingia kwa banda anakufuata, ananusa mifuko, anataka kujua umeleta nini. Anashika mafunzo haraka na anapenda kupewa kazi. Akistuka, wengi huruka hatua moja mbili kisha wanatulia, tofauti na Thoroughbred wa mbio ambaye anaweza kukuacha hewani akahepa hadi mwisho wa shamba.

Huo upole una sababu. Farasi wa gari lazima avumilie kelele, magurudumu nyuma yake, na umati kando ya barabara. Mwenye hasira akifungwa kwa gari anaweza kuua watu, kwa hivyo wafugaji hawakuwa na haja naye. Ndiyo maana London utapata Friesian wakivuta magari ya mazishi, na duka la Harrods liliwahi kuwatumia kwa gari lake.

Lakini usilale. Kwanza, ni mnyama wa nusu tani. Akizoea kukusukuma na kichwa ukicheka, kesho atakubana kwa ukuta bila hata kukasirika. Pili, dume ni dume, hata akiwa na macho ya huruma. Tatu, ni farasi anayesoma mtu. Ukimpigia kelele na kumvuta mdomo, anafunga akili, na kumrudisha itachukua muda. Anataka mtu mtulivu mwenye msimamo.

Mwili umeundwa kuvuta

Mcheki kutoka kando. Shingo imetokea juu sana, bega limesimama, kifua kipana, mgongo wenye nguvu. Farasi wa gari anasukuma kifua dhidi ya mkanda, anainua goti juu, na gari linafuata. Kazi nyingi ni ya telki, kilomita baada ya kilomita.

Farasi wa kupandwa anahitaji kitu kingine. Bega linafaa lilale kidogo ili mguu ufike mbele, na mgongo unafaa uinuke ubebe mtu. Friesian akiinua shingo, ambayo ndiyo tabia yake, mgongo unazama. Kwa macho anakaa mfalme. Kwa aliye juu, ni ka kukalia ubao unaoruka. Na farasi anayetembea mgongo ukiwa umezama kila siku huishia kuumwa.

Ukimpanda utaskia nini

*Kutembea.* Poa kabisa. Ametulia, hana haraka, na hata anayeanza atajiskia salama.

*Telki.* Hapa ndipo anaringa. Ni mwendo mkubwa wenye nguvu, magoti juu, watu wanatoa simu kurekodi. Lakini kila hatua inakurusha. Ka hujajifunza kuinuka na kukaa kwa mdundo wake, utaskia ka uko nyuma ya nduthi kwa barabara ya mashimo.

*Shoti.* Huu ndio mwendo wake mgumu. Farasi wa gari hakuwa anaombwa kukimbia shoti, kwa hivyo uwiano haujakamilika. Friesian wengi wadogo wanapoteza mpangilio wa miguu, wanaanguka tena kwa telki, au wanaharakisha kwa sababu hawajui kujishikilia. Hii si kiburi. Misuli bado haijajengwa, na inajengwa kwa miezi mingi ya mazoezi.

Anafaa wapi, hafai wapi

Anafaa kwa dresaji, ule mchezo ambao farasi anafanya miondoko kwa utulivu ka anaongozwa na muziki. Miondoko ya kuinua miguu na kukanyaga karibu papo hapo inamjia kirahisi, na kuna Friesian waliofika hadi kiwango cha Grand Prix, ambacho ndicho cha juu. Anafaa pia kwa maonyesho, gwaride, filamu, na safari fupi za mashambani kwa mwendo wa kutulia.

Hafai kwa mbio. Thoroughbred atamwacha mbali. Kuruka vizuizi vikubwa si kazi yake, na safari ndefu za ushindani zinamchosha. Vipimo vya mazoezi vimeonyesha anachoka mapema kuliko farasi wa michezo wa Uholanzi wakipewa kazi sawa. Jua kali pia si rafiki. Mwili mkubwa, koti jeusi na manyoya mengi vinashika joto, na jua pamoja na jasho hufanya ule weusi ugeuke kahawia.

Siku hizi wafugaji wanatofautisha aina mbili. Kuna yule wa kizamani, mfupi kidogo, mnene, singa nyingi. Na kuna wa michezo, miguu mirefu, mwepesi, shingo haijasimama sana. Ka lengo lako ni kupanda, mtafute huyu wa pili. Huko kwao pia kuna mitihani ambapo farasi anapimwa akiwa na tandiko na akiwa kwa gari, kwa hivyo makaratasi yanaweza kukuonyesha alifaulu kwa kazi gani.

Kutoka gari hadi tandiko

Wengine wananunua Friesian aliyevuta gari miaka mitano wakidhani kazi imeisha. Nusu imeisha. Anajua sauti, anajua hatamu, haogopi lori. Lakini kuna vitu hajawahi kukutana navyo.

Moja, miguu ya mpandaji. Kwa gari, aliambiwa aende kwa sauti, hatamu na mjeledi. Ukimbana mbavu na miguu, haelewi unasema nini. Anza na amri ya sauti anayoijua, kisha weka mguu pamoja nayo, hadi aunganishe.

Mbili, macho. Farasi wengi wa gari huvaa vizibamacho, hawaoni nyuma. Ukivitoa, anaona mtu juu ya mgongo wake kwa mara ya kwanza. Mpe muda. Mwache akuone ukisimama juu ya kitu kando yake kabla hujapanda.

Tatu, uzito. Mgongo uliovuta haujabeba. Anza dakika chache, ongeza polepole.

Nne, tandiko. Mgongo wake ni mpana, na tandiko la farasi mwembamba litambana mabegani. Farasi anayerusha miguu kila ukipanda anaweza kuwa anaumwa tu, na hapo hata mwalimu mkali hatasaidia.

Na ka ni mdogo, ngoja. Friesian anachelewa kukomaa. Kwa miaka mitatu anaonekana mzima, lakini mifupa bado inajengeka. Kazi nzito mapema ni kumharibu.

Afya: bei ya urembo

Rudi 1913. Ukoo mzima ulipitia kwa madume matatu, na kitabu hakiruhusu damu ya nje. Maana yake ni kwamba Friesian wote ni ka mabinamu. Ngori inatokea hapo.

Kuna watoto wanaozaliwa na miguu na mbavu fupi kupindukia, na wengine wenye maji kichwani. Magonjwa haya yote mawili yanarithiwa kimyakimya. Mzazi mwenye jeni moja mbovu anaonekana fiti kabisa. Ukizalisha wawili wa hivyo, kila mtoto ana nafasi ya asilimia 25 ya kuzaliwa mgonjwa. Kipimo cha DNA kipo kwa magonjwa yote mawili, kwa hivyo kuzalisha bila kupima ni uzembe.

Kuna pia shida ya umio kupanuka hadi chakula kinakwama, na ile ya mshipa mkubwa wa moyo kupasuka, ambayo inampata Friesian kuliko aina nyingine na inaweza kumwangusha ghafla. Kwa mpandaji hii si mambo ya vitabu tu. Farasi anayekohoa bila sababu, anayechoka haraka au ana homa isiyoeleweka, usimpande. Ita daktari wa mifugo.

Ngozi nayo ina mambo. Friesian wengi wana aleji ya kuumwa na usubi, wale wadudu wadogo wa jioni. Wanajikuna hadi singa zinaisha. Na yale manyoya ya miguuni yakikaa na unyevu, ngozi iliyo chini inaoza. Lazima yakaushwe.

Na huku Kenya?

Farasi unaowaona Ngong Racecourse ni Thoroughbred, na wengi wakistaafu mbio wanaingia shule za kupanda na polo. Friesian angekutana na changamoto mbili hapa. Kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao pundamilia wanaubeba bila kuugua lakini unaweza kuua farasi ndani ya siku chache. Unasambazwa na usubi. Farasi anayetoka Ulaya hana kinga yoyote, kwa hivyo bila chanjo na banda la kujificha jioni, ni kumhukumu. Ongeza aleji yake ya usubi hao hao, na utaelewa mbona saisi mwenye uzoefu atakuuliza maswali mengi kabla akubariki.

Kabla utoe doo, uliza haya

- Amepandwa mara ngapi na nani, au amevuta gari tu?
- Naweza kumwona akipandwa kwa miendo yote mitatu, hasa shoti?
- Wazazi walipimwa DNA?
- Daktari wangu, si wa muuzaji, anaweza kumsikiliza moyo na kumwangalia ngozi?
- Msimu wa usubi singa zake hubaki ama huisha?

Muuzaji akianza kukuonyesha picha za singa badala ya kujibu, shika njia.

Kwa hivyo, Friesian anafaa kupandwa? Ndiyo, ka unataka mwenza mtulivu wa dresaji na safari fupi, una mwalimu, na una subira ya kujenga mgongo na ile shoti. Ka unataka spidi, vizuizi ama kilomita nyingi kwa jua, chukua farasi mwingine, na huyu mwache avute gari lake akiringa.