Panapouma sio lazima ndipo palipoharibika

Wadau, leo siasa tuiweke pembeni, tuongelee mwili. Umekaa kwenye kompyuta masaa matatu, shingo imechomoza kama ya kobe, ukiinuka kiuno kinagoma. Unapitia duka la dawa, unaomba "dawa ya maumivu", unapewa diklofenaki, unameza, panatulia. Wiki ijayo unarudi tena. Wapo wanaoenda hivyo miezi na miezi mpaka tumbo linaanza kuwaka, maana dawa za kundi hilo zikimezwa muda mrefu bila kusimamiwa zinaweza kuleta vidonda vya tumbo na kuumiza figo. Na kiuno bado kiko pale pale!

Muda wote huo kuna swali moja hujaulizwa: ni mwendo gani unaoamsha maumivu hayo, na ni upi unaoyapunguza? Wataalamu wa fiziotherapia, wale wa tiba ya mazoezi ya viungo, ndipo wanapoanzia.

KWA NINI USIIAMINI SEHEMU INAYOUMA PEKE YAKE

Kwanza, maumivu husafiri. Mshipa wa fahamu ukibanwa kiunoni, unaweza kusikia ganzi au moto mpaka kwenye unyayo. Shida ya shingo inaweza kuuma begani na mkononi. Nyonga mbovu inaweza kuuma gotini tu, mtu akachua goti mwaka mzima bure.

Pili, sehemu moja ikikaza, nyingine hubeba kazi yake. Ulitegua kifundo cha mguu kwenye mpira, ukapona kiaina, lakini hakikunji kama zamani. Kila ukichuchumaa au kupanda ngazi, goti na kiuno vinaweza kulazimika kufidia.

KISA CHA BWANA SMITH, 1956

Mwaka 1956 mjini Wellington, New Zealand, mtaalamu kijana Robin McKenzie alikuwa na mgonjwa anayejulikana kwa jina la Bwana Smith. Maumivu yake yalitoka kiunoni yakashuka mguuni, na wiki kadhaa za matibabu hazikusaidia. Siku hiyo akaambiwa alale kifudifudi kitandani. Kitanda kilikuwa kimeachwa upande mmoja umeinuliwa, basi jamaa akalala mgongo umepinda kwa nyuma, mkao ambao siku hizo ulionekana wa hatari. McKenzie aliporudi baada ya dakika kadhaa alishtuka. Mgonjwa akamwambia mguu hauumi tena!

Kutokana na bahati ile McKenzie, aliyefariki 2013, alijenga njia ya kupima ambayo leo inatumika nchi nyingi. Unarudia mwendo mmoja mara kadhaa, huku ukifuatilia maumivu yanaelekea wapi. Yakitoka mguuni na kurudi juu karibu na uti wa mgongo, ni dalili nzuri, hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi kwa muda. Yakizidi kushuka mguuni, mwendo huo haukufai kwa sasa.

UKAGUZI UNAVYOKWENDA

1. Maswali. Yalianza lini? Asubuhi yakoje? Kukaa, kuinama au kutembea, kipi kinayachokoza?

2. Kutazama. Utaambiwa utembee, uiname, uchuchumae, uinue mikono, usimame mguu mmoja. Hili la mguu mmoja ni la zamani: daktari Mjerumani Friedrich Trendelenburg alilieleza 1895. Ukisimama mguu wa kulia na nyonga ya kushoto ikashuka, misuli ya pembeni ya nyonga ya kulia huenda ni dhaifu.

3. Wewe, kisha yeye. Unainua mkono mwenyewe, halafu mtaalamu anakuinulia. Ukikwama wewe lakini yeye akaufikisha juu, kiungo chenyewe hakijaganda, tatizo litafutwe kwenye misuli, kano zake au mishipa ya fahamu. Mkikwama wote wawili, kiungo huenda kimekaza.

4. Kubadilisha na kupima tena. Anakupa zoezi moja, kisha unarudia ule mwendo uliouma. Umepungua? Mmepata njia. Haujabadilika? Anatafuta kwingine.

JIPIME MWENYEWE

Simama mbele ya ukuta, ncha ya dole gumba la mguu iwe kama sentimita 10 kutoka ukutani. Peleka goti liguse ukuta bila kisigino kuinuka. Linganisha miguu yote miwili. Mmoja ukishindwa vibaya kuliko mwenzake, kifundo hicho kimekaza.

Halafu chuchumaa. Visigino vikiinuka, weka kipande cha ubao chini yake ujaribu tena. Ukishuka vizuri zaidi, kifundo kilichokaza huenda ni sehemu ya sababu. Kama kitu kinauma vikali, acha, usilazimishe.

TUSIDANGANYANE

Sio kila aliyepinda anaumwa. Wapo wenye mabega yasiyolingana wanaobeba magunia miaka yote hawajui maumivu ya mgongo, na wapo walionyooka kama mstari wanaolia kila usiku. Kwa hiyo mtu akikutazama dakika 2 akasema "mwili wako haulingani, lipia vipindi 20", shtuka. Upungufu wa mwendo unakuwa na maana pale unapohusiana na maumivu yako, na maumivu yanapobadilika ukiurekebisha. Tena usingizi mbovu na msongo wa mawazo navyo huongeza maumivu.

Na ile mikanda ya kiuno je? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno hauipendekezi kama tiba ya kawaida. Unapendekeza mazoezi na elimu, na dawa jamii ya diklofenaki zinaweza kutumika kwa uangalifu. Tatizo sio ndogo: mwaka 2020 watu wapatao milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno.

HAPA USINGOJE MAZOEZI

Nenda hospitali haraka kama huwezi kuzuia mkojo au choo, au mkojo unagoma kutoka, kama kuna ganzi sehemu za siri na kati ya mapaja, mguu unazidi kuishiwa nguvu, au maumivu yalianza baada ya ajali. Homa, kukonda bila sababu na maumivu yasiyotulia usiku navyo usivipuuze. Kwetu huku kifua kikuu hakiishii kifuani, kinaweza kula hata pingili za uti wa mgongo, na hicho hakitibiwi kwa kunyoosha viungo.

Kama huna dalili hizo, kabla ya kununua vidonge vingine ulizia kitengo cha fiziotherapia. Hospitali nyingi kubwa wanacho, kwa mfano MOI pale Muhimbili na KCMC Moshi. Andika siku 3 kabla: nilifanya nini, palianza kuuma saa ngapi, nini kilipunguza. Karatasi hiyo itamsaidia sana mtaalamu.

Haya, wewe unayesoma hapa, inuka kwanza unyooke, kisha uje kwenye maoni utuambie: mguu upi umeshindwa kufika ukutani?